Mzabibu Uliomwagiwa Pole

Kihonda,
Morogoro.
8 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Abdulswamad,

Assalaam aleikum. Najua ungekuwa mbele yangu ungeanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba, naitanguliza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Shamsia na watoto, na kwamba joto la Maskati limekuoneeni huruma kidogo. Ule mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unalala sakafuni kwa sababu godoro linakuumiza. Usimeze dawa za maumivu kama karanga. Nenda ukapimwe.

Mimi ni mzima, presha inapanda na kushuka kama kawaida yake. Vuli imeanza kwa ubishi. Wiki nzima mlima haujaonekana, mawingu yamekalia mpaka Kilakala, na kila kitu ndani ya nyumba kina unyevu, hata chumvi.

Utashangaa kupata barua katika zama hizi. Anakuletea Yusuph, yule wa mzee Salehe jirani yetu, anayerudi kazini kwake huko. Nimeandika kwa sababu mambo haya hayafai kwenye kundi la simu la ukoo, ambako mtu akieleza msiba wake hujibiwa kwa picha ya mikono iliyounganishwa, na dakika ile ile mwingine anatangaza vitenge. Isitoshe, mwezi uliopita uliponiuliza kwenye simu kama mzabibu wa Baba umeshika, nilikujibu kwamba unaendelea. Mama alikuwa ameketi karibu yangu. Mzabibu haukuwa unaendelea, Swamadi. Umekufa. Nitakueleza kwa mpangilio, nawe usiruke kwenda mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vyangu.

Wewe ulikuwa bado tumboni Baba alipokileta kile kijiti kutoka Dodoma. Hadithi umeisikia, lakini acha niirudie, maana sasa tumebaki mimi na wewe wa kuirudia. Alikuwa gadi wa treni, na mtu mmoja wa Dodoma alimpa kipande cha tawi kilichofungwa kwenye gunia bichi. Alikishika mapajani njia nzima. Majirani walimcheka: Mwislamu na mzabibu wapi na wapi. Mzee Laurenti, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kwaya parokiani, alimwambia, "Bwana Mwinjuma, panda wewe, kunywa nitakunywa mimi." Utani huo haukuisha mpaka siku ya mazishi ya Baba. Mti ukashika, ukapanda juu ya uchanja wa mabomba ya chuma, na kila Ramadhani iliyoangukia msimu tulifuturu zabibu chachu kiasi cha kukunja uso, na Baba akitutazama mmoja mmoja kuhakikisha tunazisifu.

Chini ya uchanja ule ndipo Mama alipokaa maisha yake yote ya ndoa. Alichambulia mchele pale, alisukia watoto pale, na macho yalipoanza kufunikwa na mtoto wa jicho aliendelea kukaa pale kwa sababu alipajua bila kupaona.

Sasa habari ya kiwanja. Umeondoka siku nyingi, labda umesahau kwamba kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Kiwanja cha Kilakala hakikuwa mali ya Baba. Kilikuwa cha ukoo wa mama yake, naye akakaa pale kwa haki hiyo, na alipofariki kikarudi kwa watoto wa dada yake, yaani binamu yetu Ahmadi na nduguze. Mti una sheria yake: alichopanda mtu kwa mkono wake ni chake na cha watoto wake. Udongo ni wao, mzabibu ni wetu.

Unajua nimeitetea desturi hii kwa miaka mingi, magazetini na redioni na mpaka kwenye mikutano ya kata nilikozomewa. Nimewashambulia mabwana wanaotaka kila kipande cha ardhi kiandikwe jina la mtu mwenye suruali, wakaiita hatua hiyo maendeleo. Nimesema, na bado nasema, kwamba milima hii ni mahali ambapo mwanamke hakuwahi kumwomba mume udongo wa kupandia kunde. Basi baada ya arobaini ya Baba ukoo wake ulikaa kikao, nikasimama kutetea Mama asiguswe, na Ahmadi akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Binamu, mimi simfukuzi mtu. Mimi nayasoma makala yako tu, kwa sauti."

Kikao kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu binamu ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Hebu fikiri hali yangu. Nimegombana na wahariri na madiwani, na mpinzani wa kwanza kunishinda ni yule ambaye mila inanikataza kumkasirikia.

Anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nikamwambia bibi zetu waliishikilia ardhi ili binti asikose mahali pa kulima, hawakuishikilia ili yeye apange watu wawiliwawili kama sabuni dukani. Akanijibu, "Bibi zetu hao walikuwa wananunua umeme wa Luku?" Watu wakacheka tena. Ndivyo tunavyopoteza vitu vyetu siku hizi, ndugu yangu. Adui aliyekuja na bunduki tulimjua. Huyu wa leo anakuja na kichekesho, na ni wa damu yako, na ada za shule za wanawe zinamkaba koo kweli. Desturi nimeitetea kwa sababu ilikuwa inalisha watu. Sikujua kwamba unaweza kuishika neno kwa neno na ukaiua.

Kwa haki nitasema, Ahmadi hakumtoa Mama siku ile. Alimwambia akae mpaka amalize eda, na baada ya hapo mpaka mafundi watakapoanza msingi. Mama alisikiliza yote. Mwisho alisema hivi, na wewe unamjua, hasemi mara mbili: "Mti wa baba yenu uhamishwe. Ukishika, nitakaa ulipo. Usiposhika, nirudisheni kwetu."

Kwao ni Kinole, kwa Mjomba Abdulatif, kwenye ardhi ya ukoo wake ambayo hakuna Ahmadi wa kumtoa. Haki yake ni hiyo hiyo niliyoitetea, siwezi kuikana. Lakini Kinole mvua ikichachamaa barabara inakatika, na Mama ana presha kunizidi mimi, na macho yanahitaji kufanyiwa upasuaji. Kwangu Kihonda daktari yuko karibu. Kwa hiyo niliutaka mzabibu ule ushike kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliupeleka kwangu, sikuupeleka mahali pengine.

Nilisoma kila nilichoweza kupata juu ya kuhamisha mzabibu mkubwa. Karibu vyote vimeandikwa na watu wenye theluji. Wanasema uhamishe wakati mti umelala. Mti wa Morogoro haulali, Swamadi, ni kama wapiga debe wa stendi ya Msamvu. Inabidi uulaze wewe mwenyewe, na Baba alikuwa akifanya hivyo kila kiangazi bila kutuambia kwa nini: anaunyima maji mpaka majani yanaanguka, kisha anaukata matawi. Nikafanya vivyo hivyo tangu Mama alipotoka eda. Mzee Laurenti alinishauri tukate mizizi ya upande mmoja mwaka huu na ya upande wa pili mwakani ndipo tuuondoe. Ni shauri zuri. Mafundi wa Ahmadi hawakuwa na mwakani.

Agosti tukauchimba. Ahmadi mwenyewe alikuja na sururu, akachimba kutushinda sote, na mdomo haukupumzika. "Chimbeni vizuri," alisema, "msiniachie hata mzizi mmoja, binamu asije kudai kiwanja kwa kupitia chini." Shina lilikuwa nene kama paja la mtoto. Mizizi mingine ilikuwa imekwenda chini ya msingi wa nyumba, na hiyo ilibidi tuikate kwa shoka. Niliisikia ikikatika, na Mama pia aliisikia, alikuwa amesimama mlangoni akishikilia mwimo.

Magunia ya kufungia donge la udongo hayakutosha. Mama akaingia ndani, akatoka na shuka zake za eda, zile nyeupe. Akatupa sisi tufungie. Ahmadi alizipokea, na hiyo ndiyo mara pekee siku ile aliyonyamaza. Tukaupakia kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, watu wazima wanne wameushika kama mgonjwa, na Mama mbele kwa dereva. Vyombo vyake vilikuja safari ya pili.

Kihonda nilikuwa nimekwisha kuchimba shimo pana. Unajua udongo wetu huku, mweusi, mzito, ukishashika maji hauyaachii. Kwa hiyo nilijaza shimo mchanga na kokoto na udongo laini niliouagiza kutoka mtoni, nikajiona fundi. Nikaujengea kivuli cha makuti. Nikajiwekea kanuni: maji kidogo, mara moja kwa wiki, basi. Mti uliokatwa mizizi hauwezi kunywa.

Na hapo ndipo watu walipoanza kuja.

Unajua tulivyo. Msiba wetu hauishi kwa arobaini, na wengi hawakuwahi kumwona Mama kwa sababu ya eda. Sasa wakasikia amehamia Kihonda, wakaja kumpa pole, kutoka Turiani, kutoka Matombo, kutoka Kilakala hiyo hiyo. Kila mmoja akishamaliza kumpa pole Mama anauliza, "Na mti wa Mzee uko wapi?" Anaonyeshwa. Anasimama mbele yake, anatikisa kichwa, anaomba kopo. Anachota maji pipani, anaumwagia polepole, midomo ikicheza kwa dua, kama tunavyomwagia kaburi. Huyu kopo moja. Yule kopo moja. Kila mmoja anajua amemwaga kidogo tu.

Ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mimi hodari wa maneno nilijaribu. Nilimweleza mzee mmoja kutoka Matombo habari ya mizizi, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Ni kweli, mwanangu," akamwaga. Nikaficha kopo, wakatumia viganja. Siku moja nikafunga geti. Shangazi, mama yake Ahmadi, alifika na wenzake, akagonga, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia: "Sabra, umetufungia msiba?" Mama akatoka mwenyewe akipapasa ukuta, akafungua komeo. Hakunigombeza. Alinipita tu kama vile sipo, akawakaribisha, na shangazi akaomba kopo.

Na ukweli wote niuseme: hata Mama alikuwa anamwaga. Kila alfajiri akimaliza kutawadha, maji yaliyobaki kwenye birika aliyapeleka pale, akifuata kamba ya kuanikia nguo kwa mkono. Nilikuwa namwona kupitia dirishani. Nimewakataza watu wengi vitu vingi maishani, lakini nani angemkataza yule?

Lile shimo langu la kisomi, lenye mchanga katikati ya udongo mweusi, lilikuwa beseni. Maji yote ya pole yaliingia na hayakupata pa kutokea. Septemba vichipukizi vilitokeza kwenye mkono mmoja wa mti, vidogo kama punje ya mtama, tukafurahi, Mama akavigusa kwa ncha ya kidole akasema Alhamdulillahi. Oktoba vikawa vyeusi. Nikafukua upande mmoja Mama akiwa amelala mchana. Mizizi ilikuwa imelainika kama muhogo uliolowekwa, na harufu yake ilikuwa ile ile. Shuka zilikuwa bado nyeupe mahali mahali.

Nikafukia. Sikumwambia. Alipouliza, nilisema umelala. Umesoma niliyoyaandika juu ya wanasiasa wanaowaambia wagonjwa kwamba dawa ziko njiani, basi mimi nilikuwa naishi hivyo hivyo ndani ya geti langu, nikingoja sijui nini. Ahmadi alipita siku moja kumsalimia Mama, akakwaruza gome kwa ukucha, akaniangalia. Nilijiandaa kwa utani. Hakufanya. Alisema, "Pole, dada," na hilo neno dada kutoka kwa mtani lilinitisha kuliko yote. Kule Kilakala, mahali mti uliposimama, sasa pana shimo la maji taka la vyumba vyake. Alinieleza akiangalia chini. Nikamwambia angalau huko maji yana pa kwenda.

Mvua za kwanza zilipopiga mwezi uliopita, Mama alikuwa kwenye mkeka wake barazani. Asubuhi iliyofuata akaniuliza, "Mlonge wa jirani umechipua?"

"Umechipua, Mama."

"Na mkwaju wa njiani?"

"Nao umechipua."

"Na mti wa baba yenu?"

Mimi ninayemjibu kila mtu, Swamadi, sikumjibu. Nilisimama na ufagio mkononi. Alingoja kwa muda ambao ungemtosha mtu kusema neno lolote, la kweli au la uongo, kisha akasema, "Haya. Mwambieni Abdulatif anisafishie chumba."

Nilibisha jioni nzima. Nilimtajia daktari, barabara, presha, nikataja mpaka makorongo. Alikuwa anakunja kanga zake huku akinisikiliza. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza kama nimekula.

Mzee Laurenti, ambaye aliokota matawi tuliyoyakata Julai, alikuwa amevichomeka vipande kwenye ndoo ya mchanga uani kwake, na kimoja kimeota majani. Alikileta mbio aliposikia. Niliona hii ndiyo hoja niliyokuwa naikosa, nikampelekea Mama ndoo mapajani, nikamwambia huyu ni yule yule, damu ile ile. Akapapasa jani, akalifuata mpaka kwenye kikonyo, akapima urefu kwa kiganja. "Ni yeye," akasema. "Lakini ni mdogo huyu. Mpaka azae nani atakuwepo? Kaa naye wewe." Akanirudishia.

Siku ya kuondoka aliomba tuukate ule mkavu tuchemshie chai ya safari, kwa sababu hakutaka ubaki umesimama watu wakiendelea kuumwagia maji. Ahmadi ndiye aliyeukata. Kuni za mzabibu zinawaka upesi na hazina moshi mwingi. Tulikunywa wote, Mama, mimi, Ahmadi, Laurenti, na hakuna aliyeisifu wala aliyeacha kikombe. Kisha Ahmadi akampandisha kwenye gari, na Laurenti akamfungia mlango.

Sasa yuko Kinole, ndiyo maana wiki hii ukimpigia hapatikani. Mjomba anasema mtandao unashika ukipanda mpaka karibu na msikiti, na Mama hawezi kupanda. Juzi njia ilimong'onyoka tena upande mmoja, pikipiki zinapita, gari hapana. Dawa zake za presha zinatosha kwa sasa. Macho bado. Ulisema utakuja mwezi wa sita tule zabibu. Njoo mapema zaidi, kabla masika hayajaifunga ile barabara, na usije kwa ajili ya zabibu. Ukimpata kwenye simu, mwulize habari za mihogo ya Mjomba, mwulize habari za kuku. Mti usimwulize.

Kile kichipukizi ninacho, kwenye ndoo, kivulini kando ya jiko. Jana Shangazi alikuja kunipa pole kwa kuondokewa na Mama. Aliketi, alilia kidogo, na kabla ya kuaga akaiona ndoo. Akauliza kama ndiyo mbegu ya kaka yake. Nikamwambia ndiyo. Akaomba kopo, na mimi mwenyewe nikalichota nikampa. Akakimwagia lote polepole, akaomba dua, nikaitikia amina. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi niliishika ile ndoo, nikaiinamisha pembeni ya ukuta, nikayaacha maji yatoke yote, tone kwa tone, huku nimeziba mchanga kwa kiganja usimwagike. Ndoo mtu anaweza kuiinamisha.

Nisalimie shemeji Shamsia, mwambie kitambaa alichotuma Mama amekwenda nacho, amekifunga mwenyewe kwenye furushi la nguo zake. Wasalimie watoto, na mkubwa mwambie shangazi yake bado anangoja barua aliyoahidi, iandikwe kwa Kiswahili, si kwa vidole gumba. Mzee Laurenti anakusalimu na anasema bado anaidai divai yake. Ahmadi anakusalimu pia. Nimebeba salamu zake kwa sababu ni mtani, na kwa sababu siku ya safari alimbeba Mama mgongoni pale njia ilipokuwa imekatika.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe afya ya mgongo na wepesi wa kurudi, na atukutanishe sote watatu tungali tunapumua.

Dada yako akupendaye,
Sabra Mwinjuma